Taa Sita za Tangi la Nne

"Tia mingi tu, Tata! Mingi njo muzuri!"

Hivyo ndivyo wauzaji wa vifaa vya umeme pale sokoni Manika wanavyomwambia kila mtu anayekwenda kutafuta led za infraruji, vile vitaa vya mwanga usioonekana kwa macho, za kufunga ndani ya kisanduku cha kamera. Nimewasikia juzi tena, na ninyi vijana mmesimama mbele ya meza mnaitika kwa kichwa kama watu walio kanisani. Mimi nasema hapana. Nasema hapana mbele ya muuzaji, mbele ya injinia wake, na kama kuna waziri wa led basi mleteni, nitamwambia vilevile. Mimi Mwepu, fundi umeme mstaafu, mwenye diplome ya shule ya jioni iliyofuliwa mara mbili ndani ya mfuko wa suruali na bado inasomeka, nimewahi kufunga led arobaini ndani ya kisanduku kimoja. Picha niliyopata ilikuwa nyeupe kama shuka ya altare. Ukitaka kuona ukungu, huna haja ya umeme. Nenda Lubudi asubuhi ya mwezi wa sita.

Ngojeni niwaeleze ilikuwaje, kwa sababu mle ndani kulikuwa na kazi ya mtu.

Kiwandani kwetu, ambako shaba inavutwa kwa umeme kutoka kwenye maji yake ya buluu yenye asidi, kulikuwa na tangi tuliloliita la nne. Ubavuni mwake ulisimama mrija wa kioo, urefu wa mkono wa mtu mzima. Maji yakipanda ndani ya tangi, yanapanda ndani ya mrija, yakishuka, yanashuka. Vipimo vya kisasa vilinunuliwa mara tatu, na asidi ikavila mara tatu, kama mtu anayekula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo baada ya kufunga. Kwa hiyo kila saa moja mtu alishuka kwa ngazi za chuma hadi kwenye ukumbi mwembamba ulioko chini, akasoma mrija kwa macho, akapanda kuripoti. Mimi nilizihesabu ngazi zile zikawa kumi na nane. Magoti yangu yalihesabu mia mbili.

Mtu huyo alikuwa Mama Ngoie. Mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kwaya ya Waprotestanti, na tayari jicho lake la kushoto lilikuwa limeguswa na asidi. Siku moja daktari wa zahanati ya kiwanda akaandika karatasi: mama huyu asiingie tena kwenye mvuke, kifua chake kimechoka.

Injinia wetu, kijana mwenye koti jeusi hata siku ya jua kali, aliisoma karatasi ile mbele yetu sote atelieni, karakana yetu.

"Sawa," akasema. "Asiposhuka, hana kazi. Mrija lazima usomwe."

"Shefu," nikasema, "tuweke kamera. Mama atakaa juu mbele ya skrini, atasoma kutoka pale."

"Nani atatengeneza? We?"

"Mi."

Akacheka kidogo kwa pua. "Tata Mwepu, hii ni mambo ya mwanga. Batu banasomeaka mwanga miaka tano Ulaya. We ulisoma mangaribi, kisha kazi, na usingizi mu macho."

"Njo vile, Shefu. Nilisoma mangaribi. Lakini umeme haikuniuliza saa ngapi."

Wenzangu wakapiga meza. Injinia hakupenda. Akatoa hukumu: Jumamosi. Jumamosi kamera itoe namba ambayo yeye mwenyewe anaiamini, na Mama Ngoie atapewa kiti cha skrini. Ikishindikana, Jumatatu anabaki nyumbani. Ilikuwa Jumatatu siku hiyo. Mama Ngoie alinitazama kwa jicho lake zima na kusema neno moja tu: "Tata." Ukiitwa hivyo na mtu ambaye kazi yake imewekwa kwenye kiganja chako, utatokwa na jasho hata Julai.

Sasa, kwa nini infraruji na si taa nyeupe ya kawaida? Swali zuri, na msione haya kuliuliza. Ukumbi ule ulikuwa wazi upande mmoja. Mvua za kwanza zikinyesha, ukiwasha taa nyeupe, kumbikumbi wa Lualaba nzima wanakuja, wale tunaowaita inswa, mpaka mrija wote unafunikwa na mabawa. Tulishajaribu. Watu waliacha kazi wakaleta masufuria ya kuwakusanyia. Mwanga wa infraruji mdudu haujali, na jicho la mtu haliuoni, lakini kamera ndogo za ulinzi za rangi nyeusi na nyeupe zinauona vizuri. Na kamera ya namna hiyo tulikuwa nayo stoo, imekaa bure.

Kosa langu la kwanza lilitokana na haraka. Nilichukua led kutoka kwenye rimoti za televisheni. Nilianza na rimoti yangu, nikaenda kwa jirani, kisha kwa shemeji. Kufikia Jumanne jioni mtaa wetu mzima ulikuwa unabadilisha chaneli kwa mkono, na mke wangu alikuwa akipokea wajumbe mlangoni. Nikafunga, nikawasha, picha ikawa giza lenye chembechembe. Kumbe led za rimoti ni za namna ya mia tisa arobaini. Namba hiyo ni urefu wa wimbi la mwanga, na huko kamera nyingi ndogo zinaanza kuwa vipofu. Za mia nane hamsini kamera inaziona vizuri zaidi. Kasoro yake ni kwamba zinawaka wekundu hafifu kama kaa linalokufa. Anayetaka kujificha mwizi asimwone atachukua za mia tisa arobaini na kuvumilia picha dhaifu. Lakini ndani ya kisanduku kilichofungwa unajificha nani? Mrija hautakimbia.

Muuzaji akikupa mfuko usio na maandishi, ziwashe kwa umeme mdogo na uzitazame kwa ubavu, kwa mbali. Ukiona wekundu, ni za mia nane hamsini. Usipoona kitu, zielekezee kamera ya simu. Ikionyesha nuru ya zambarau, zinafanya kazi lakini ni zile nyingine. Na usizikodolee macho kwa karibu eti kwa kuwa hazichomi. Jicho halijui kujikinga na mwanga lisiouona.

Kosa la pili ni la kwetu sisi watu wa Kolwezi, sidhani mtu wa mji mwingine angelifanya. Sisi tukiona sanduku tunataka kulivisha shaba. Shaba ndiyo iliyotulea. Tunaitengenezea vikuku, masufuria, misalaba ya makaburi, ningeweza kutengeneza na meno. Jumatano nikachukua vipande vya bamba la shaba, nikavipiga msasa na kuving'arisha mpaka nikajiona nimezeeka ndani yake, nikavipanga ndani ya kisanduku pande zote. Hesabu yangu ilikuwa hii: ukuta uking'aa, mwanga utaongezeka bure. Nikafunga na zile led arobaini nilizowaambia, za mia nane hamsini safari hii, nimezizungusha kwenye uso wa kamera kama shanga za bibi harusi.

Ndiyo siku ya ile shuka ya altare. Shaba inaurudisha mwanga wa infraruji karibu wote, kuliko hata inavyorudisha mwanga wa kawaida. Mwanga uligonga ukuta huu ukaenda ule, ukarudi, ukagonga kioo cha pleksi kilichokuwa mbele ya kamera, ukaingia machoni mwa kamera yenyewe. Joto nalo! Gundi ikalainika, pleksi ikatoa jasho, na nusu ya led zikainamisha vichwa kama wanafunzi waliofeli.

Mama Ngoie alipita, akachungulia. "Tata Mwepu, ile ni kamera ao ni furu ya kuokea mikate?"

"Mama, ngoja kwanza."

"Mi nangoja. Ni Jumamosi njo haingoji."

Jioni ile nikamkumbuka mzee wangu wa kazi, marehemu Tata Kabamba, aliyenifundisha kusuka mota. Alikuwa na tabia ya kutia pua yake ndani ya kila kifaa. Alisema, weka pua yako mahali pale jicho la kifaa litakapokaa, halafu tazama kitu gani kinakutukana. Nikafanya hivyo. Nikaondoa kamera, nikaweka simu mahali pake, nikatazama kisanduku kama kinavyotazamwa kutoka ndani. Kila kitu kilinitukana! Nikang'oa shaba yote, na sitawadanganya, iliniuma kama kumfukuza ndugu. Nikapaka rangi nyeusi tuliyokuwa nayo atelieni. Nikawasha. Kwenye skrini rangi nyeusi ilikuwa nyeupe!

Shikeni hili: macho yako si shahidi mbele ya infraruji. Vitambaa vyeusi vingi, plastiki nyeusi nyingine, rangi nyeusi nyingine, kamera inaviona vyeupe kabisa. Wino wa kalamu ya feltre niliotumia kuandikia mistari ya vipimo ulipotea wote, kama haujaandikwa. Ni Mama Ngoie aliyenisaidia hapo. Nilikuwa nalalamika kwa sauti, nikisema ninatafuta weusi wa kweli, weusi usiodanganya.

"Na makala?" akasema. "Iko kintu gani nyeusi kupita makala?"

Makaa ya jikoni! Alitwanga unga mwembamba, tukauchanganya na vanishi, tukapaka kuta za kisanduku na kuchora mistari ya vipimo upya. Kamera ikaona nyeusi. Injinia wa Ulaya angeagiza kopo kwa ndege. Sisi tulichukua chini ya mbabula, jiko la makaa, pale tunapopikia bukari.

Alhamisi ndipo nilipoacha kushindana na mwanga. Nilihamisha led kutoka ubavuni mwa kamera, nikazipeleka nyuma ya mrija. Nilizipunguza mpaka zikabaki sita. Nilichagua zile zinazomwaga mwanga kwa upana, si zile zenye miali myembamba kama tochi, kwa sababu katika kisanduku kidogo miali myembamba inakupa sahani moja ya mwanga na giza pande zote. Nikazipanga wima, moja juu ya nyingine. Kati yao na mrija nikaweka kipande cha plastiki nyeupe ya chupa ya javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo, nilichokisugua kwa msasa ili mwanga utawanyike kama ugali ulioiva, bila mabonge. Zote sita kwenye mstari mmoja wa umeme wa volti kumi na mbili, na rezistansi moja ya kuzishika breki, nikizilisha nusu tu ya kile zinachoweza kula. Led inayolishwa nusu haipati joto na haifi mapema. Waambieni hivyo wale wa "tia mingi". Kisha nikakishusha kisanduku, nikakifunga kwenye mrija wa tangi, na waya nikaupandisha hadi kwenye skrini.

Nikawasha. Ukuta nyuma ya mrija ulikuwa mweupe, laini, hauna bonge hata moja. Mistari ya makaa ilisimama kama askari. Na ndani ya mrija, kuanzia katikati kwenda chini, kulikuwa na kitu cheusi tititi.

Hapa ndipo ninapoona haya mpaka leo. Maji ya shaba ni ya buluu, unaona kupitia kwayo. Mimi nikaamini mrija umejaa tope jeusi la kobalti. Nikamwambia Mama Ngoie ausafishe, naye, akiwa na karatasi ile ya daktari mfukoni, alishuka zile ngazi mara mbili na brashi ndefu. Alipanda akikohoa mpaka akashika ukuta.

"Mrija iko safi, Tata. Safi sawa kikombe ya padri. Kama unataka nishuke tena, sema."

Sikusema. Nilikaa chini nikafikiri kwa kichwa changu cha shule ya jioni, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kumtuma. Nikachukua vichupa viwili vyenye vifuniko, kimoja cha maji ya kunywa, kingine cha maji ya shaba, nikaviweka mbele ya kamera na taa nyuma yake. Kwa macho yangu, kimoja cheupe, kimoja buluu nzuri kama vazi la Bikira. Kwenye skrini, cha kwanza kilikuwa kama hewa, cha pili kama kahawa ya msibani. Kumbe shaba ikiwa bamba inaurudisha mwanga ule, na ikiyeyuka ndani ya maji inaumeza wote! Nilipiga kelele hata mlinzi wa geti akaja na fimbo. Taa nyeupe ingenipa maji mepesi ya buluu ndani ya kioo kilichochakaa, ubishi kila saa. Infraruji ilinipa mstari ambao hata kipofu wa jicho moja anausoma. Nilimweleza Mama Ngoie, nikamwomba msamaha kwa zile safari mbili.

"Msamaha utaleta Jumamosi," akasema.

Jumamosi Injinia alikuja na koti lake. Akasimama mbele ya skrini, akatikisa kichwa.

"Hii nini? Maji ya shaba iko buluu, hata mutoto wa Kolwezi anajua. Hapa munaweka wino. Kamera imekufa."

"Kamera iko muzima, Shefu," nikasema. "Inaona mwanga ingine. Mu ile mwanga, buluu yetu iko nyeusi."

"Tata, acha kunichekesha."

"Shuka basi," akasema Mama Ngoie.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuonyesha mahali pa choo.

"Nini?"

"Shuka, Shefu. Soma mrija na macho yako. Mi nitasoma hapa. Tutasemezana kwa redio. Tukitofautiana, naenda nyumbani leo, siku ya Jumatatu hata sikuji."

Injinia angekataa, lakini watu wote wa atelie walikuwa wamejaa mlangoni. Akavaa barakoa, akashuka. Kupitia ubavu wa kisanduku, pale penye mlango mdogo wa kuchungulilia, tukaona kwenye skrini mkono wa koti lake jeusi unaingia, mweupe kama wa mpishi. Watu wakaanguka kwa kicheko. Mama Ngoie hakucheka. Alisogeza kiti mbele, akaweka kidole karibu na mstari.

Redio ikakwaruza. "Soma!"

"Makumi ine na moya," akasema Mama.

Redio ikajibu: "Endelea." Tukasikia kwenye redio valvu inalia, anayapunguza maji.

"Inashuka. Makumi ine. Makumi tatu na kenda… makumi tatu na munane. Imesimama."

Kikohozi kikasikika kwenye redio. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya meza kama mtu aliye kwenye lori la kwenda Tenke. Redio ikakwaruza tena.

"Na sasa? Imeshuka ngapi?"

Mama Ngoie akausogelea mstari ule mpaka pua yake ikakaribia skrini. Tulimtazama. Kidole chake hakikusogea.

"Haikushuka, Shefu. Haukugusa valvu."

Tulisikia viatu kwenye chuma, ngazi kwa ngazi, vikipumzika kila baada ya hatua chache. Injinia alitokea mlangoni machozi yakimtiririka, barakoa mkononi, sauti yake imebaki nusu. Alikuwa ameshuka mara moja tu. Mama Ngoie alikuwa ameshuka kila saa, miaka kumi na mmoja.

Alijifuta uso na mkono wa koti, akaitazama skrini, akamtazama Mama kwenye kiti, na kwa kuwa injinia hawezi kuondoka mikono mitupu, akatafuta neno la mwisho.

"Sawa. Kamera inapita. Lakini mwezi wa kwanza mutu ashuke kila saa kuhakikisha."

Mama Ngoie aliandika thelathini na nane kwenye daftari, akapiga mstari chini yake, na hakugeuka.

"Muzuri, Shefu," akasema. "Ngazi sasa unaijua."

Saa iliyofuata ilifika. Hakuna aliyeshuka.